Marehemu Aliporudi, Shangazi Alizima Televisheni

Ilikuwa Jumatano, saa tatu kasoro usiku, nyumbani kwa shangazi yangu Igawilo, katika ile wiki ya Juni ambayo ukungu wa Uporoto hushuka mpaka barabarani na watu wa Mbeya hutembea wamekunja mikono ndani ya makoti. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, juu yake sufuria ya viazi, na sote tulikuwa tumeielekea televisheni: shangazi kwenye kiti chake, jirani yake mmoja mwenye mtoto mgongoni, wajukuu wawili mkekani, na mimi niliyekuwa nimepita kumjulia hali nikazuiliwa nisiondoke kabla ya kula.

Tamthilia waliyokuwa wakiifuata ilikuwa imemzika mmoja wa wahusika wake majuma matano yaliyotangulia. Alikuwa kijana fundi seremala, mtoto wa pekee wa mama mjane, na alikufa kwa ajali ya bodaboda usiku wa kuamkia siku ya kutoa posa. Sikuwapo siku ya mazishi yale, lakini nilipata habari zake, kwa kuwa kesho yake asubuhi shangazi alinipigia simu kwa sauti iliyokauka, na kwa dakika nzima nilidhani tumefiwa.

Jumatano ile, katikati ya sehemu, mlango wa nyumba ya mjane ulifunguliwa na kijana akaingia, mzima, akiwa na bandeji moja kichwani. Ilielezwa kwamba maiti zilibadilishwa mochwari. Aliyezikwa alikuwa mtu mwingine.

Jirani alipiga vigelegele. Wajukuu waliruka. Shangazi alinyoosha mkono taratibu, akaichukua rimoti, akazima.

"Shangazi, mbona umezima?"

"Mtu akishazikwa, amezikwa." Alifunua sufuria, akachoma kiazi kimoja kwa uma kuona kama kimeiva. "Yale machozi yangu, mwanangu, wanirudishie."

Hakuiwasha tena usiku ule.

Kilio kilichosikiwa

Siku mbili baadaye nilifahamu kwamba kurudi kwa kijana yule hakukuwa kumepangwa tangu mwanzo. Waandaaji wenyewe walikuwa wametangaza, kwa fahari, kwamba mashabiki wamelia nao wamekisikia kilio chao. Nilipoipata habari hiyo, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba watunzi wetu wa tamthilia hawasikilizi watu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na sisi tuliokulia nyanda za juu tuliifikia kwa kuchelewa zaidi. Tumezoea kupokea picha kutoka mbali, zilizotengenezwa na watu wasioijua baridi yetu wala lafudhi yetu, bila mtu yeyote kurudi kutuuliza zimetufikaje. Tulipotaka kufarijiana kwenye kibanda umiza, wakati mkombozi wa filamu amezingirwa na bunduki kumi, tulichokuwa nacho ni ile imani yetu ya zamani kwamba steringi hafi.

Sasa mtunzi amewasikiliza watazamaji, na steringi kweli hakufa. Nilipaswa kushangilia pamoja na yule jirani.

Sikuweza.

Kila nilipotaka kuandika kwamba waandaaji wale wamefanya vyema, niliuona mkono wa shangazi ukiifuata rimoti. Na kila nilipotaka kuandika kwamba wamekosea, niliyasikia vigelegele vya jirani, ambavyo vilikuwa vya kweli kama yalivyokuwa machozi. Wote wawili ni watazamaji, na wote wawili walimpenda kijana yuleyule. Swali la iwapo mtunzi awasikilize mashabiki, ambalo kwa mbali linaonekana la kujibiwa kwa neno moja, likaanza kuzaa mengine: amsikilize nani, amsikilize lini, na kuhusu nini?

Nimekaa na maswali hayo kwa majuma kadhaa, na sijayamaliza yote.

Wasemao na watazamao

Shangazi ana simu ya kitochi. Inapokea pesa za viazi anavyopeleka sokoni Uyole, inapiga, inapigiwa, na kazi yake imeishia hapo. Hajawahi kumwandikia mtunzi yeyote neno lolote, na hata angewekewa njia asingeitumia, kwa sababu katika malezi yake mgeni hasahihishi chakula cha mwenyeji. Akiona hakijamkaa vizuri hula kidogo, husema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na safari nyingine hupitia nyumba ya pili. Maoni yake ni kuzima. Mtu aliyekaa Dar es Salaam akihesabu ujumbe wa mashabiki hana namna ya kuuona mkono uliozima televisheni Igawilo.

Nadhani hapa ndipo tunapopita haraka mno. Tunaposema kwamba mashabiki wametaka jambo fulani, mara nyingi tunawazungumzia wale wenye bando, wenye nafasi, na wenye ujasiri wa kumwelekeza mtu wasiyemjua namna ya kufanya kazi yake. Sauti zao si za uongo, na sipendi kuzidharau, maana bila wao mtunzi angekuwa anatupa maneno kisimani. Shaka yangu ni kwamba wasemao hupenda kwa namna tofauti na watazamao kimya. Anayeandika ujumbe usiku uleule mhusika amekufa anaandika akiwa bado na maumivu mabichi, na kitu anachokiomba ni maumivu yaondolewe. Aliye kimya ameyabeba yale maumivu, akaenda nayo kulala, akaamka nayo, akayatafutia mahali pa kuyaweka. Kufikia juma la tano wawili hao hawapo tena katika hadithi moja.

Nchini Brazil, ambako tamthilia ya kila siku huandikwa huku tayari inarushwa hewani, kituo cha Globo kina utaratibu wa miaka mingi wa kukusanya vikundi vidogo vya watazamaji, wakiwemo akina mama wa nyumbani, na kuwakalisha wazungumze juu ya tamthilia iliyoanza: wanamwamini nani, wanamchoka nani, wapi wamepotea. Naupenda utaratibu huo kwa sababu moja. Unamfuata mtu ambaye asingesema kama asingeulizwa.

Kuuliza kabla ya kutunga

Sisi tunaoishi kandokando ya barabara ya TANZAM tunao mfano wa karibu zaidi, ingawa ni wa redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na ndani yake alikuwamo dereva wa malori ya masafa marefu aliyeitwa Mkwaju, mwenye mke nyumbani na wanawake wengine njiani. Nani huku kwetu hakumtambua? Malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Malawi yanapita Kitonga, yanapita Makambako, yanalala Mbeya na Tunduma. Nilipokuwa mtoto nilimsikia mama mmoja pale Mafiati akimwita mumewe Mkwaju mbele ya watu, na mume akaondoka bila kujibu.

Mhusika yule alituingia kiasi kile kwa sababu kazi ya kusikiliza ilifanywa mwanzoni. Mchezo ulifuata mbinu za Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia wa Mexico, ambazo zinataka watafiti waende kwanza kwa wananchi, wawaulize wanavyoishi, wanachoogopa na wanachoficha, kisha ndipo wahusika wachongwe: mmoja wa kuigwa, mmoja wa kukataliwa, na mwingine aliyesimama katikati ambaye hubadilika polepole mbele ya macho ya watu. Mkwaju, aliyekuja kupata UKIMWI, alikuwa wa kukataliwa. Mkewe, Tunu, hatimaye aliondoka kwake na kuanza biashara ndogo ya kujikimu. Kazi hiyo ilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba matangazo ya Dodoma hayakuurusha mchezo mpaka mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha watu waliousikia na wasiousikia.

Hata katikati ya safari inawezekana kusikiliza bila kuharibu. Tamthilia ya Hum Log ya India, iliyoanza mwaka 1984 ikafikia sehemu 156, ilianza kwa kuhubiri mno habari za uzazi wa mpango, na watazamaji wa majuma ya mwanzo walionyesha wazi kwamba wamechoshwa. Waandaaji walipunguza mahubiri, wakaiacha familia ile iishi na kugombana kama familia. Kabla haijaisha ilikuwa imepokea barua zipatazo 400,000. Malalamiko yale hayakugusa nani afe na nani apone. Yalisema tu kwamba tunafundishwa mno, na hilo ni jambo ambalo mtazamaji analijua kuliko mtunzi.

Ningekuwa nimeishia hapa, makala hii ingekuwa nyepesi kwangu. Lakini kuna jambo jingine ambalo shangazi aliliamsha, nalo si la India wala la Brazil.

Mama aliyetoka Mbozi

Sijawahi kuliandika hili.

Mwaka 2011 nilikuwa nikitunga mchezo wa redio kwa kituo kimoja kidogo cha huku kwetu. Studio yake ilikuwa chumba kimoja ambacho kuta zilibandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na waigizaji watano walilazimika kugawana maikrofoni mbili, wakipishana kwa kunyata juu ya blanketi tulilotandika sakafuni. Mchezo ulimhusu mwanamke kijana wa kijijini ambaye mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Chunya na hakurudi. Haikujulikana kama amefukiwa na kifusi au ameoa kwingine. Sehemu baada ya sehemu, mwanamke yule alijifunza kuishi na kutojua huko: alilima mwenyewe, alisimama mbele ya shemeji zake waliolitaka shamba, na jioni moja, baada ya miezi ya kumtengea mumewe sahani na kuifunika kwa kawa, aliifunua na kukirudisha chakula sufuriani.

Tuliirekodi sauti ile ya mwiko ukikwangua sahani mara sita mpaka ikatoka vile tulivyotaka.

Usiku uliporushwa mwiko ule, ujumbe ukaanza kumiminika. Mtangazaji wa zamu aliunakili wote kwenye kaunta buku, ukurasa baada ya ukurasa. "Mrudisheni mumewe." "Baba watoto arudi, tunaumia." Mzee mmoja wa Mbarali aliandika kwamba mkewe halali vizuri tangu sahani ile ilipoondolewa. Mkuu wa kituo alifurahi, kwa kuwa wingi wa ujumbe ni kitu ambacho unaweza kumwonyesha mfanyabiashara anayefikiria kutangaza. Aliniambia, "Mwalimu, wape watu wanachokitaka."

Hakunilazimisha. Ningeweza kukataa, na mchezo ungeendelea. Nilivutwa na ule wingi wenyewe. Nilijiona ninapendwa, nikauita udhaifu huo heshima kwa wasikilizaji.

Katika sehemu ya 24 nilimrudisha. Alibisha hodi usiku wa mvua, na begi la zawadi mkononi, na maelezo ya kifungo na ugonjwa ambayo niliyatunga kwa nusu saa. Shukrani zilijaza kurasa nyingine za ile kaunta buku.

Majuma mawili baadaye mlinzi aliniita getini. Palikuwa na mama wa makamo aliyetoka Mbozi, ambaye alikuja mjini kuuza maharage, akaona apitie. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la mlinzi, akaweka kikapu miguuni, akaniuliza kama mimi ndiye ninayemtunga yule mke wa Chunya. Nikamjibu kwa furaha kwamba ndiye mimi.

"Wa kwangu alikwenda Chunya, mwaka wa tisa huu," alisema. "Nilikuwa nakwenda pamoja na yule mwenzangu. Alipoacha kutenga sahani, na mimi nikaacha. Sasa mmemrudishia wa kwake. Mimi nabaki naenda na nani, mwanangu?"

Hakuwa na hasira. Hakuniomba nibadilishe chochote. Aliuliza kwa sauti ileile ambayo baadaye, tulipofika barabarani, alimwuliza kondakta kama basi linafika Vwawa kabla ya giza.

Niliporudi ndani niliichukua ile kaunta buku na kuipekua kutoka mwanzo, nikitafuta ujumbe wowote kutoka Mbozi uliosema mwacheni mwanamke huyu aendelee. Haukuwamo hata mmoja. Aliyeuhitaji mchezo ule kuliko wote hakuwahi kutuandikia, na mimi niliufuta kwa ajili ya walioandika.

Kilichokwisha kusemwa

Nilichokifanya katika chumba cha trei za mayai kimefanywa pia na wenye studio kubwa. Tamthilia ya Kimarekani ya Dallas ilimuua Bobby Ewing mwaka 1985, kwa sababu mwigizaji wake, Patrick Duffy, alitaka kuondoka. Mwaka uliofuata alirudi: mtalaka wake, Pam, aliamka asubuhi akamkuta anaoga, na hatimaye watazamaji wakaelezwa kwamba msimu mzima uliotangulia ulikuwa ndoto ya mwanamke huyo. Waliomtaka Bobby walimpata. Lakini kila ugomvi, kila msamaha na kila chozi la mwaka mzima liliambiwa kwamba halikuwahi kuwapo.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka, na ninaomba msomaji anivumilie nikilieleza taratibu.

Sehemu ambayo haijarushwa ni ya mtunzi. Juu yake anaweza kusikiliza apendavyo, akamwuliza jirani, akamwuliza shangazi, akasoma barua zote, akabadilisha nia mara tatu, na hakuna aliyeibiwa kitu. Mashabiki wa Star Trek walipoandika barua kwa wingi mpaka kituo cha NBC kikatangaza hewani mwaka 1968 kwamba tamthilia hiyo itaendelea, walikuwa wakiomba kilicho mbele, na naona walikuwa na haki ya kukiomba. Sehemu iliyokwisha kurushwa ni kitu kingine. Imeingia majumbani, imelaliwa na kuamkiwa, imewafanya watu waondoe sahani mezani. Mtunzi anayerudi kuifuta anachukua kitu ambacho tayari alikitoa, na anakichukua kwa yule aliyekipokea kwa imani kubwa zaidi.

Kwa hiyo mwaka 2019, zaidi ya watu 1,000,000 walipotia saini wakitaka msimu wa nane wa Game of Thrones utengenezwe upya, nadhani ilikuwa sawa kwamba haukutengenezwa. Na bado nadhani watu wale walikuwa wanasema jambo la kweli. Misimu sita ya kwanza ya tamthilia ile ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa mwisho 6, na wengi waliona mambo makubwa yanapitishwa mbiombio kana kwamba mgeni anasubiriwa mlangoni. Hilo lilihitaji sikio la mapema, wakati bado kuna mbele.

Nilidhani nimelipata jibu, mpaka nilipokumbuka kwamba ukaidi nao unaweza kufanya kosa hilohilo. Watunzi wa How I Met Your Mother, tamthilia ya Kimarekani ambamo baba anawasimulia watoto wake alivyokutana na mama yao, walirekodi sehemu ya mwisho wa hadithi yao miaka mingi kabla ya kufika huko, watoto walioigiza ndani yake wakiwa bado wadogo, wakaihifadhi. Hadithi ikakua kwa misimu tisa, ikaelekea kwingine. Msimu wa mwisho karibu wote ulitumika kusimulia siku chache za harusi moja. Kisha, mwaka 2014, katika sehemu ya mwisho kabisa, ndoa ile ilivunjwa kwa dakika chache na mama aliyesubiriwa kwa miaka tisa akaondolewa ili ile picha ya zamani ipate nafasi. Watunzi wale hawakuyumbishwa na shabiki yeyote. Lakini walifuta kile walichokwisha kutupa, sawasawa na mimi niliyeyumbishwa na wote.

Kwa hiyo sidhani tena kwamba pande mbili za mgogoro huu ni mtunzi jasiri na shabiki mwenye kelele. Niliyemsaliti mimi alikuwa mwanamke wa kwenye mchezo, aliyekwisha kukirudisha chakula sufuriani.

Jikoni kwa bibi

Bibi yangu mzaa baba alitusimulia hadithi jikoni kwake Rungwe, akianza kwa Kinyakyusa na kumalizia kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliokulia mjini. Moto ulikuwa katikati, sisi tumeuzunguka, na moshi ukitufanya tufumbe macho kwa zamu. Hakutuuliza maoni hata siku moja. Lakini macho yake hayakutoka nyusoni mwetu. Tukisogea mbele, fisi alitembea polepole zaidi kuelekea kijijini. Mdogo wetu akianza kusinzia, wimbo uliletwa mapema. Binamu mmoja aliyekuwa mwoga alishikwa mkono wakati zimwi linabisha hodi, na sauti ya zimwi ikapungua kidogo, lakini zimwi likaingia ndani.

Usiku mmoja msichana wa kwenye hadithi alimezwa na hakutoka. Binamu alilia mpaka akapewa ndizi ya kuchoma. Kesho yake jioni aliomba hadithi ileile, ila safari hii msichana asimezwe. Sote tulimuunga mkono, tukapiga makofi tukiimba jina la msichana. Bibi alisukuma kuni ndani, akasubiri tutulie.

"Ile nilishawapa," alisema. "Leo nawapa nyingine."

Na ile nyingine, nakumbuka vizuri, ilikuwa na msichana aliyekimbia kuliko zimwi.

Nimejiuliza kama ni haki kumlinganisha bibi mwenye wajukuu wanane na mtunzi mwenye watazamaji wengi asiowaona. Tamthilia hurekodiwa majuma mengi kabla ya kurushwa, na kilio cha leo kinamfikia mtunzi wakati sehemu zinazofuata zimekwisha kukamilika. Kuna mwigizaji aliyepata mkataba mahali pengine, kuna mfadhili, kuna mwongozaji ambaye hajalipwa. Sipuuzi mambo hayo, nimeyaonja kwa kipimo kidogo. Hata hivyo mtunzi anaweza kupanda basi. Anaweza kukaa jioni moja kwenye sebule ya mtu Mafinga, nyingine Njombe, nyingine Igawilo, asijitambulishe sana, asiulize maswali, aiache televisheni iseme naye awatazame wanaoitazama. Ataona mahali ambapo mama ananyanyuka kwenda kuangalia mboga. Ataona mahali ambapo hata mtoto mchanga amenyamazishwa. Kwa kipimo changu, jioni tatu za namna hiyo zina maoni mengi kuliko kaunta buku yote niliyoijaza mwaka ule.

Na kama angekaa Igawilo Jumatano ile, angeyaona yote mawili kwa mara moja, vigelegele na rimoti, na angelazimika kurudi Dar es Salaam akiwa amevibeba vyote.

Jumatano nyingine

Juma lililopita nilikwenda tena kwa shangazi, nikamkuta amehamia tamthilia nyingine, ya kituo kingine, na jirani na wajukuu wamehama naye. Kabla haijaanza nilimwambia kwamba nimekuwa nikifikiria habari ya yule kijana fundi seremala, na kwamba akitaka ninaweza kuwaandikia waandaaji kwa niaba yake, neno kwa neno, kama atakavyonitajia.

"Niwaambie nini? Watunzi ni wao," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Katika tamthilia hii mpya mama mmoja alikuwa amelazwa hospitali, na binti yake alikuwa kando ya kitanda akimsuka nywele, akisuka taratibu ili nywele zilizopungua zisikatike. Ilikuwa imetengenezwa vizuri sana. Jirani alikuwa tayari anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi mwenyewe niliinama nikajifanya natafuta kitu mkekani. Shangazi alitazama bila kupepesa, kisu mkononi, na macho yake yalikuwa makavu.

"Shangazi, huyu hakuumizi?"

"Ananiumiza." Alitumbukiza kiazi ndani ya beseni la maji, akachukua kingine. "Ila nasubiri kwanza, mwanangu. Nione kama watamzika kweli."